Meza ya konsoli ikianza vituko: uliza kwanza ni mwezi gani

Simu za wateja wangu huja kwa msimu. Kuanzia katikati ya Januari mpaka mvua za Machi zianze, anayepiga atasema, "Fundi, meza imepasuka." Aprili na Mei wimbo hubadilika: "Fundi, droo imegoma." Ikifika Julai, Nairobi ikiwa na mawingu yasiyoondoka na baridi ya kuvaa sweta mbili, ni habari za vanishi iliyonata au iliyoingia ukungu. Nimekaa miaka mingi nikitengeneza na kutibu fanicha upande wa Ngong Road, na siku hizi sianzi kwa kuuliza meza ni ya mti gani. Nauliza shida ilianza lini. Mara nyingi jibu hilo hunionyesha pa kuangalia kabla sijafungua begi la vyombo.

Konsoli ni ile meza nyembamba ya kuegemea ukuta, kina chake sentimita 30 hadi 40, kimo 75 hadi 90, inayokaa koridoni, sebuleni chini ya kioo au nyuma ya kochi. Wanaoiagiza sasa wanataka mchanganyiko: uso wa mbao halisi, viungo vya tundu na ulimi (ncha ya ubao mmoja ikiingia kwenye tundu la mwingine) kama vya wazee, pengine nakshi ya Kipwani kwenye ubao wa mbele, halafu miguu ya chuma chembamba na vanishi isiyong'aa ili ipatane na kuta nyeupe na vigae vya kijivu. Ni mchanganyiko unaopendeza, nami naupenda. Lakini mbao hunywa unyevu wa hewa na kuutoa mwaka mzima, hutanuka na kusinyaa, ilhali chuma, kioo na kigae havina habari nayo. Shida nyingi hapa chini zimeanzia pale mbao ilipofungwa kwenye kitu kisichosogea, au ilipotengenezwa ingali mbichi.

Uso umepasuka

Nitakaa hapa kwa sababu ndiko pesa za watu zinakopotelea.

Tazama ufa uko wapi. Nyufa fupi fupi kwenye ncha za ubao, za urefu wa kidole, maana yake mbao ilikauka haraka upande wa ncha kuliko katikati. Ufa ulionyooka kama rula ni mshono wa gundi ulioachia: ama mbao hazikurandwa zikakutana vizuri, ama klempu, vile vibano vya kushikilia mbao gundi ikauke, zilitolewa mapema, ama gundi ilipakwa kidogo. Ufa unaofuata nyuzi za mti na kupinda nazo, katikati ya ubao, ndio wa kuogopa. Huo ni mti uliotaka kusinyaa ukazuiwa.

Kuna mama mmoja wa South B aliyeniita Februari. Meza yake ya gravelia, uso wa sentimita 38, ilikuwa na ufa wa kupitisha kadi ya benki bila kukwaruza. Kadi hiyo ndiyo kipimo changu cha haraka, unene wake haufiki milimita moja. Alikuwa tayari ameshanunua kopo la kujazia nyufa. Nikamwambia, "Mama, weka hilo kopo kwanza." Tukatandika blanketi, tukaigeuza meza miguu juu. Chini palikuwa na skrubu nane zilizopita kwenye fremu ya chuma hadi kwenye mbao, kila moja kwenye tundu la kuibana kabisa, mbele na nyuma. Nikaanza kuzilegeza moja moja. Nilipofika ya tano mbao ikalia *tak*, kama mtu aliyevunja kidole cha mkono. Tulipoigeuza tena kadi ilikuwa haiingii. Ufa haukuwa umepona, ila ulikuwa umejifunga karibu nusu, na ndipo mama alipoamini kwamba meza ilikuwa imefungwa kamba.

Hesabu yake ni rahisi. Mbao haisinyai kwa urefu wake kwa kiasi cha kusumbua. Husinyaa kwa upana. Ubao wa sentimita 35 uliokauka sawasawa unaweza kucheza milimita 2 hadi 3 kati ya Februari kavu na Mei yenye mvua. Ukiwa uliingia karakana mbichi, ukaja kukaukia sebuleni, utapoteza hata sentimita nzima. Skrubu iliyobana haitoi hata milimita moja.

Dawa ni kuyafanya matundu ya fremu kuwa marefu. Skrubu za upande wa mbele ziache zibane, ili ukingo wa mbele ukae pale pale unapoonekana. Za katikati na za nyuma, tanua tundu lake liwe na nafasi ya milimita 6 hadi 8 kukata nyuzi, yaani kufuata upana wa ubao, weka washa pana (kisahani cha chuma chini ya kichwa cha skrubu), kaza kiasi cha kushika bila kubana. Mbao itachezea upande wa ukutani ambako hakuna anayeangalia. Kama fremu ni ya mbao, chonga vipande vidogo vyenye pua, pua iingie kwenye mfereji uliochimbwa upande wa ndani wa fremu, na kipande chenyewe kifungwe kwa skrubu kwenye uso. Pua itateleza mferejini na uso utakuwa huru. Fanicha nyingi za zamani zilizodumu zimefungwa namna hiyo, pindua uone.

Ufa wenyewe usiujaze Februari. Ukiujaza wakati mbao imesinyaa kabisa, mvua zikija itatanuka, kile ulichojaza kitasukumwa nje kama dawa ya meno au kitaponda kingo. Weka alama mbili za penseli pande zote za ufa, pima, andika tarehe chini ya meza. Pima tena Juni. Ukiwa bado wazi, ingiza kijiti chembamba cha mti ule ule, nyuzi zikielekea upande mmoja, kwa gundi nyeupe, kisha randa. Unga wa msasa uliochanganywa na gundi ni wa kuficha tundu la msumari, usiutegemee kwa ufa.

Na ikiwa mbao ilikuwa mbichi toka mwanzo? Kata kipande kidogo pasipoonekana, au omba fundi abaki na mabaki ya ubao ule ule. Kipime kwa mizani ya jikoni, kiweke ndani ya ovena kwenye nyuzijoto 100 na kitu, kipime kila baada ya saa chache mpaka uzito ugome kushuka. Kama kilianza gramu 230 kikaishia 200, maji yalikuwa gramu 30 kwa 200 za mbao kavu, yaani asilimia 15. Kwa fanicha ya ndani Nairobi mimi natafuta 10 hadi 12. Asilimia 20 na zaidi, hiyo ilipaswa kuwa bado imepangwa kivulini ikikauka.

Sitawalaumu mafundi peke yao. Serikali iliposimamisha ukataji miti kwenye misitu ya umma Februari 2018, hali iliyodumu mpaka Julai 2023, sisi wa karakana tulitegemea zaidi gravelia, saipresi na mkaratusi wa mashambani, na mti wa shambani hauna subira: leo umekatwa, kesho umepasuliwa, keshokutwa uko juu ya pikapu. Kanuni ya zamani ya kukausha kwa hewa ni kama mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Mteja wa leo anataka meza Ijumaa. Ukitaka mti mtulivu, mninga ndio bingwa kwa kutocheza. Mvule nao hufuata nyuma. Mukau wa Kitui na Makueni ni mzuri na hauthaminiwi inavyostahili. Mkaratusi mimi siuwekei uso wa meza hata kwa bei ya bure.

Uso umejikunja kama sahani

Weka rula juu ya uso, ukikata nyuzi. Kingo zikiwa zimeinuka na katikati pamebonyea, upande wa juu umekauka kuliko wa chini. Kingo zikiwa zimelala na katikati pameinuka, ni kinyume chake.

Kosa la kawaida kabisa ni kupaka vanishi juu tu. Pindua meza, pitisha kiganja. Ukihisi mbao kavu, ngumu kama ilivyotoka kwenye randa, umeshapata mchawi. Upande ule hupokea unyevu na kuutoa upesi, huku wa juu ukiwa umefunikwa. Chini ipakwe idadi ile ile ya mikono, yaani tabaka za vanishi, hata kama hakuna atakayeiona.

Mchawi wa pili ni jua. Hapa ndipo kalenda inasaidia tena: doa la jua la jioni linaloingia kwa dirisha la magharibi huhama. Juni jua huzama likielekea kaskazini kidogo, Desemba likielekea kusini, kwa hiyo meza iliyokaa kivulini nusu mwaka inaweza kujikuta Januari, mwezi mkavu wenyewe, ikipigwa jua kila saa kumi na moja. Mwenye nyumba anaapa hajaisogeza, na ni kweli hajaisogeza.

Mkunjo ukiwa mpya, fungua uso kutoka kwenye fremu, ulaze juu ya nyasi zenye umande, upande uliobonyea ukitazama chini, jua lipige mgongo. Baada ya saa kadhaa utaanza kunyooka. Angalia kila nusu saa, usiende kunywa chai ukasahau. Ukishanyooka, uache siku kadhaa ndani ya nyumba, hewa ikipita juu na chini, ndipo upake pande zote mbili.

Droo haifunguki

Kama ni Aprili, usirande kitu bado. Hili ndilo kosa linaloniumiza: mtu anaranda droo mvua ikinyesha, inateleza vizuri, halafu Januari inakuwa legevu, inaingia upande kama jino linalotaka kung'oka. Kwanza sugua nta ya mshumaa kwenye mbavu za chini na kwenye reli. Nusu ya malalamiko huishia hapo. Ikiwa bado, pitisha karatasi kandokando ya droo uone inakamatia wapi, na urande pale tu, kiasi kidogo. Uso wa droo wenye kimo cha sentimita 12 unahitaji nafasi ya kama milimita moja na nusu hadi mbili juu yake ukipimwa msimu wa kiangazi.

Droo ya reli za chuma ikigoma, chanzo ni kingine kabisa. Fremu imeenda mshazari. Soma hapa chini.

Meza inacheza

Igeuze nusu duara, iliyokuwa kulia iwe kushoto. Mguu ule ule ukibaki hewani, shida ni ya meza. Pengo likibaki pembe ile ile ya chumba, shida ni vigae, na kipande cha ngozi chini ya mguu kinatosha.

Ikiwa ni meza, pima kutoka pembe hadi pembe ya fremu, kisha pembe nyingine mbili. Vipimo viwili visipolingana, fremu imepinda. Kisha shika uso, usukume kulia na kushoto ukiwa umeweka kidole kwenye kiungo kimoja baada ya kingine. Kidole kitakuambia kabla ya jicho.

Ulimi uliolegea ndani ya tundu lake hautibiwi kwa msumari. Msumari ni dawa ya wiki tatu, kisha unapasua ulimi na sasa una kazi mbili. Kitoe kiungo, kwangua gundi ya zamani mpaka uone mbao, kwa sababu gundi nyeupe haishiki juu ya gundi nyeupe iliyokwisha kukauka. Maji ya moto na siki huilainisha. Ulimi ukiwa mwembamba, ugandishe ubao mwembamba kama ganda kila upande, uuchonge upya uingie kwa kusukumwa na mkono tu. Ukihitaji nyundo nzito, umeuacha mnene mno, utapasua mguu.

Miguu ya chuma ina ugonjwa wake: kibati cha kushikia kimechomelewa kidogo, skrubu ni fupi, na uso ni wa milimita 18. Ukiegemea meza, skrubu zinang'oka na unga. Usiziweke nene zaidi kwenye matundu yale yale. Sogeza kibati, au gandisha chini ya uso kipande cha mbao ngumu, nyuzi zikielekea sawa na za uso.

Madoa na vanishi

Duara jeupe chini ya kikombe: unyevu umenaswa ndani ya vanishi, mbao haijaguswa. Pitisha hewa ya mashine ya kukaushia nywele, moto mdogo, ukiisogeza bila kukoma, kisha pangusa kwa kitambaa chenye mafuta kidogo. Ukungu mweupe juu ya uso mzima mara tu baada ya kupuliza vanishi: ilipulizwa siku yenye unyevu. Siku ya jua, puliza thina kidogo sana juu yake, uso utafunguka na kutoa unyevu. Usipulize asubuhi ya Julai kabla mawingu hayajafunguka, hata mteja akiwa amekaa mlangoni.

Doa jeusi ni jambo jingine. Jeusi ni chuma kilichokutana na maji na ule ukali ulio ndani ya mti. Sufuria ya maua yenye kitako cha bati hufanya hivyo. Lakini mara nyingi nimeona vidoa vyeusi vidogo vidogo, vimetapakaa kama pilipili manga, juu ya meza mpya kabisa, na mwenyewe akadhani ni kuvu. Hapo namuuliza kama karakana ilipotengenezwa ina jirani mchomeleaji. Kwetu seremala na fundi chuma wanagawana ua mmoja. Cheche za grainda zinatua juu ya mbao iliyopigwa msasa, usiku umande unashuka, asubuhi kila chembe imegeuka doa. Vanishi ikishapakwa juu, vidoa vimefungiwa ndani. Itabidi kuiondoa vanishi yote na kupaka asidi ya oksaliki iliyoyeyushwa majini. Ni sumu, kwa hiyo vaa glavu, funika pua na mdomo, na watoto wakae mbali. Doa likififia, suuza na uache mbao ikauke kabisa. Maji ya limau hufanya kazi hiyo hiyo polepole, kwa doa moja mawili.

Vanishi inayonata baada ya wiki: mkono wa kwanza ulikuwa mzito, au baridi, au mti wenyewe una mafuta. Mbao za aina hiyo zipanguse kwa thina na upake mkono mwepesi wa kwanza muda mfupi baadaye, kabla mafuta hayajapanda tena.

Kivuli cheupe chini ya chombo kilichokaa mwaka mzima juu ya mvule si doa. Mvule hutoka kwenye msumeno ukiwa wa manjano, mwanga huupeleka kwenye kahawia. Ondoa chombo, usubiri.

Unga chini ya meza

Tandika karatasi nyeusi chini, andika tarehe, iache wiki mbili bila kufagia. Unga laini kama wa ngano, na matundu ya milimita 1 hadi 2, ni wadudu wanaokula sehemu nyeupe ya nje ya mti. Karatasi ikibaki safi, huenda ni unga wa zamani uliotikiswa na lori lililopita nje. Wadudu wakiwepo kweli, ondoa vanishi sehemu hiyo, paka dawa ya borati mara mbili, kisha funika upya pande zote, kwani jike hutaga kwenye vitundu vya mbao iliyo wazi. Njia za udongo zikipanda kutoka sakafuni hadi mguuni ni mchwa, na hapo mgonjwa ni nyumba, meza ni shahidi tu.

Nakshi inabanduka au viungo vimefunguka vyenyewe

Nakshi iliyobandikwa ikianguka, tazama mgongo wake. Ukiona vanishi, ilibandikwa juu ya rangi, na gundi haina pa kushika. Kwangua mpaka mbao pande zote mbili. Kwa maoni yangu nakshi ichongwe kwenye ubao wenyewe, wa milimita 25, kina cha 6 hadi 8, na iishie ubao wa mbele. Ukiipandisha na miguuni, meza inaanza kushindana na kochi.

Ila kama umeiagiza kutoka Lamu au Mombasa, lawama si za mchongaji. Kule mbao huishi na hewa nzito ya bahari. Ukiileta Nairobi, karibu mita 1,700 juu, inatoa maji, inasinyaa, na kiungo kilichokuwa kimekaza kinaonyesha mwanya. Mwambie fundi wa huko aitume bila gundi kwenye viungo na bila vanishi ya mwisho. Iache sebuleni wiki nne hadi sita, mbali na dirisha, ndipo iunganishwe hapa.

Inataka kuanguka mbele

Kina cha sentimita 30, kioo kizito juu yake, mtoto anayevuta droo ajaribu kupanda. Hii haisubiri msimu. Funga vibati viwili vya pembe nyuma, juu, vishike ukuta. Kuta zetu nyingi ni za mawe au matofali ya saruji. Toboa kwa dreli ya kugonga, ingia sentimita 5, ingiza plagi ya plastiki, kisha skrubu. Tundu likitoa vumbi jepesi na dreli ikazama bila kazi, umepiga plasta au mshono wa mawe; sogea sentimita chache. Na kile kibati, upande wa meza, tundu lake liwe refu. Uso bado unahitaji nafasi yake ya kuchezea nyuma.